Namna ya Kuwatazama, Kuwatambua na Kuwaorodhesha Ndege Wahamao wa Unguja na Pemba, Februari Hadi Mei

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kulegea na mawingu ya masika kujikusanya, maelfu ya ndege waliokuwa wakila katika fukwe, matope na mikoko yetu tangu Agosti au Septemba hujitayarisha kurudi walikozaliwa. Wengine huelekea Siberia ya kaskazini kabisa, wengine majangwa ya Asia ya Kati, wengine Ulaya, na wengine visiwa vya Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkaazi wa Unguja au Pemba, awe mwalimu, mvuvi, mwanafunzi au mtembeza wageni, anayetaka kuwaona ndege hao kabla hawajaondoka, kuwatambua kwa uhakika, na kuacha kumbukumbu zitakazomfaa mtu mwingine baadaye.

Vitabu vingi vya kutazama ndege humtaka msomaji atoke alfajiri. Agizo hilo linafaa msituni, lakini ufukweni kwetu anayetoka alfajiri bila kuuliza maji yakoje anaweza kukuta uwanda mtupu, na ndege wenyewe wakiwa vidoa vilivyotawanyika mbali karibu na mawimbi. Ratiba ya ndege wa pwani hupangwa na maji, jua huja nyuma yake. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza nimeieleza kwa urefu kuliko nyingine, na anayeishika hiyo peke yake atakuwa amepata zaidi ya nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza: panga siku yako kwa mwezi na maji

Pwani ya Zanzibar ina maji makubwa. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika takriban mita nne, na kwa kuwa fukwe nyingi za mashariki na kusini mwa Unguja zina mteremko mdogo, maji yakitoka huacha wazi eneo pana la mchanga, tope na majani ya bahari. Ndege wanaokula minyoo, konokono na kaa wadogo hutawanyika humo. Maji yakijaa, malisho yote hufunikwa, nao hulazimika kukusanyika kwenye mafungu ya mchanga, kwenye miamba au juu ya matawi ya mikoko, wakisubiri maji yatoke tena. Saa mbili au tatu hizo za kusubiri ndizo saa za mtazamaji, kwa sababu ndege wa ghuba nzima huwa wamesimama mahali pamoja, hawana shughuli, na wako karibu na nchi kavu.

Ili kujua saa hizo zitaangukia lini, anza na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Mwanzo wa mwezi na katikati yake, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua linapotokea, na mara nyingi hupata nguvu kamili siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 7 na tarehe 22, maji huwa mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne na nusu asubuhi, na huwa yamejaa kabisa mnamo saa kumi na nusu alasiri. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, hata ikifika wiki moja baadaye maji kujaa huwa yamehamia saa nne asubuhi.

Sasa unganisha maji na jua. Mtu aliyesimama pwani ya mashariki alasiri huwa na jua mgongoni, na ndege walio mbele yake huangaziwa vizuri hadi rangi ya miguu ionekane. Mtu aliyesimama pwani ya magharibi saa hiyohiyo hutazama jua usoni, na kila ndege kwake ni kivuli. Kutokana na hayo natoa kanuni ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha wageni, lakini inafuata moja kwa moja kutoka kwenye saa za maji yetu: siku za bamvua nenda pwani ya mashariki alasiri, na siku za maji mafu nenda pwani ya magharibi asubuhi. Tofauti mbili zikumbukwe. Siku za maji mafu ndege hawasongwi sana, kwa sababu sehemu ya malisho hubaki wazi, hivyo usitarajie makundi makubwa. Na pwani ya Michamvi Kae, ingawa iko mashariki mwa kisiwa, imeelekea magharibi ndani ya Ghuba ya Chwaka. Huko kanuni hugeuka.

Kwa saa kamili tumia jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, ambalo hupatikana pia katika programu za simu. Kwa upande wa Pemba saa hazitofautiani sana na za Unguja. Usipokuwa na jedwali, waulize kinamama wanaolima mwani au wanaookota chaza, maana kazi yao yote imefungwa kwenye maji. Shikamoo ikitangulia, swali la “Bibi, leo maji yanajaa saa ngapi?” litajibiwa kwa uhakika usiopungua wa jedwali, na mara nyingi utaongezewa habari ya fungu ambalo ndege hupenda kukaa.

Hatua ya pili: chagua mahali pamoja na ukae napo

Kuna kishawishi cha kuzunguka kisiwa kizima ili kuongeza majina kwenye orodha. Kwa kazi ya kumbukumbu, mahali pamoja panapotembelewa mara kwa mara tangu Februari hadi Mei pana thamani kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko yanapoonekana: kundi linaloongezeka, manyoya yanayobadilika rangi, na siku ambayo fungu limebaki tupu.

Kwa Unguja, Ghuba ya Chwaka ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo. Ina uwanda mkubwa unaokauka maji yakitoka, ina mashamba ya mwani, na upande wake wa kusini umezungukwa na mikoko iliyopenywa na mikondo kama Mapopwe. Sehemu ya ghuba na mikoko hiyo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Unaweza kutazama kutoka Chwaka yenyewe, Marumbi, au upande wa pili kutoka Michamvi. Kusini-magharibi ipo Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, yenye Fumba, Kisakasaka, Unguja Ukuu na kisiwa cha Uzi. Hapo matope na mikoko huvuta ndege wengi, lakini njia ya zamani ya kwenda Uzi hufunikwa na maji yakijaa, basi usijikute upande usioutaka. Wa nchi kavu na wa maji baridi hutazamwa vizuri katika mabonde ya mpunga, na Cheju ni mfano wa karibu.

Pemba ina umbo tofauti. Pwani yake ya magharibi imekatwakatwa na hori nyingi zenye mikoko, na ndege hujificha humo kwa namna ambayo mtu wa Unguja hakuizoea. Mara nyingi ngalawa hufaa kuliko miguu. Ghuba ya Chake Chake, fukwe za Micheweni na mafungu yaliyo karibu na visiwa vidogo vya magharibi yanastahili kutembelewa. Misali, iliyomo katika hifadhi ya mkondo wa Pemba, ina kiingilio na ina masharti, hasa kwa sababu kasa hutaga mayai katika fukwe zake. Kwa ndege wa nchi kavu wanaopita, nafasi ya kwanza naipa rasi ya Kigomasha, kaskazini kabisa, ambako kisiwa hujibana na msitu wa Ngezi uko jirani.

Popote utakapochagua, jitambulishe kwa sheha wa shehia husika kabla ya siku ya kwanza. Mtu mwenye darubini ufukweni, anayetazama upande ambao watu wanafanya kazi, huzua maswali, na ni afadhali maswali hayo yajibiwe mapema. Usiielekeze darubini kwa kinamama waliomo majini, na usikatize kati ya kamba za mwani bila ruhusa ya mwenyewe.

Hatua ya tatu: vifaa

Havihitaji kuwa vingi. Darubini ya mkono ya kipimo cha 8x42 inatosha kwa anayeanza: nane ni ukuzaji, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini kubwa ya kuweka juu ya miguu mitatu ni ya lazima kwa anayetaka kuhesabu makundi ya mbali au kusoma pete za miguuni, lakini ni ghali, na watu wanne wanaweza kushirikiana moja. Beba daftari na penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu huu ni msimu wa masika na wino ukilowa hausomeki. Vaa viatu vinavyofunga mguu wote, na ukitembea majini buruza nyayo taratibu badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla hujamkanyaga.

Hatua ya nne: fika kabla ya maji

Fika saa mbili kabla ya maji kujaa, na keti. Mtu aliyesimama wima kwenye ufukwe mtupu huonekana kutoka mbali, ilhali aliyeketi chini ya mvinje au kando ya ngalawa iliyopandishwa husahaulika baada ya dakika chache. Ukiwa hapo kabla ya ndege, watakuja wenyewe kukaa mbele yako; ukifika wakiwa wamekwishatulia, utawaondosha.

Maji yanapopanda, tazama ndege wanaruka kuelekea wapi. Makundi madogo madogo hutoka kila upande na kufuata mwelekeo mmoja, na kwa kuyafuatilia kwa macho utalijua fungu lao la kupumzikia. Lijue, kisha usilikaribie. Katika msimu huu ndege wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa bila sababu sehemu ya akiba hiyo huungua. Dalili za kwamba umekaribia mno ni wazi: waliokuwa wamefukia midomo mgongoni huinua vichwa, waliokuwa wamesimama kwa mguu mmoja hushusha wa pili, na kundi zima huanza kusogea upande mmoja. Ukiona hayo, rudi nyuma polepole wala usisubiri waruke. Vijana wenye mbwa au mawe waambiwe kwa upole. Mara nyingi ukimpa mmoja wao darubini atazame, mawe huisha.

Kuhusu usalama wako mwenyewe, jambo moja tu. Katika ghuba pana kama Chwaka maji hayarudi kwa mstari ulionyooka kutoka baharini, bali hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Aliyekwenda mbali maji yakiwa yametoka aanze kurudi mara tu yanapogeuka.

Hatua ya tano: watambue

Watu wengi wa pwani humwita kila ndege mdogo wa ufukweni kitwitwi, na kwa mazungumzo ya kila siku jina hilo linatosha. Kwa kumbukumbu halitoshi, kwa sababu chini ya jina hilo wamo ndege wa jamii nyingi wenye safari tofauti. Nashauri kila unapoandika jina la kawaida uongeze la kisayansi, ili msomaji wa Pemba, Mombasa au Cape Town ajue unamsema nani. Usijaribu kuwajua wote msimu wa kwanza. Wajue hawa watano vizuri, na wengine utawapima kwa kuwalinganisha nao.

Wa kwanza ni sululu (Numenius phaeopus), mkubwa, wa kahawia, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini na mistari ya giza kichwani. Hupiga mluzi wa mfululizo, yapata sauti saba za kasi moja, na huo mluzi humtambulisha hata gizani. Wapili ni mrefu mwembamba wa kijivu mwenye miguu ya kijani iliyofifia (Tringa nebularia), ambaye hutoa sauti tatu kali anaporuka na huonyesha weupe mrefu mgongoni. Wa tatu ni kipindua mawe (Arenaria interpres), mnene, wa miguu mifupi ya rangi ya chungwa, anayefanya hasa jina linavyosema.

Wa nne anastahili maneno zaidi. Ni kitwitwi mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini (Calidris ferruginea), anayezaliana katika nyika za Aktiki huko Siberia. Mwezi wa Januari ni wa kijivu juu na mweupe chini, hana la kumtofautisha isipokuwa mdomo huo na kiuno cheupe anaporuka. Kuanzia Machi manyoya mapya mekundu huanza kuota kifuani na tumboni, kwanza moja moja, kisha kwa mabaka, hata katika kundi moja la Aprili utakuta wa kijivu kabisa, wa madoadoa, na wekundu wa rangi ya tofali wakiwa bega kwa bega. Tazama kwa makini kifua cha ndege aliyekaribia kukamilika: kila unyoya mpya mwekundu una ukingo mweupe kwenye ncha, hivyo kwa mbali huonekana kama ukuta mwekundu uliorushiwa chokaa. Kingo hizo hulika kadiri siku zinavyopita, na wekundu hubaki peke yake. Katika daftari lako andika ni wangapi kati ya kila kumi wameanza kuwa wekundu, kwani uwiano huo utakuonyesha msimu umefika wapi kuliko idadi peke yake. Kitwitwi mkubwa wa kijivu (Pluvialis squatarola) hupitia mabadiliko kama hayo, ila yeye huota weusi usoni na tumboni. Akiwa bado wa kijivu, mtambue anaporuka kwa doa jeusi lililo kwapani.

Wa tano ndiye ndege ambaye wageni huvuka bahari kumwona, nasi tunaye mbele ya nyumba. Ni mla kaa (Dromas ardeola), mweupe mwenye weusi mgongoni na mbawani, mdomo mweusi mnene, na miguu mirefu ya kijivu. Huwinda kwa kukimbia hatua chache, kusimama ghafla, na kukimbia tena. Makaazi yake ya kuzaliana ni pwani na visiwa vya Bahari ya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai jeupe humo, jambo lisilofanywa na ndege mwingine yeyote wa jamii za ufukweni. Wachanga wa mwaka uliopita, ambao mgongo wao ni wa kijivu badala ya mweusi, huonekana wakimfuata mzazi na kumwomba chakula hata wakiwa huku kwetu. Andika idadi ya wakubwa na ya wachanga mbalimbali, maana uwiano wao huonyesha kama mwaka uliopita ulikuwa wa neema kwao.

Kuna jozi moja itakayokusumbua, nayo ni vitwitwi wawili wa mchanga, mmoja mdogo na mmoja mkubwa kidogo mwenye mdomo mnene na miguu mirefu zaidi (Charadrius leschenaultii, ambaye vitabu vipya vimemhamishia Anarhynchus). Wote wawili huota wekundu kifuani msimu huu. Wakisimama pamoja tofauti huonekana. Akiwa mmoja peke yake, andika “hakutambuliwa” bila kuona haya.

Hatua ya sita: hesabu

Usihesabu ndege wanaoruka kama kuna uwezekano watatua. Kwa kundi lililotulia, hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, uangalie wamechukua nafasi kiasi gani katika duara la darubini, kisha pitisha nafasi hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa kundi ukihesabu kumi kumi. Rudia kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana sana, fanya ya tatu. Wawili hufanya kazi hii vizuri kuliko mmoja: mmoja hutazama na kutaja, mwingine huandika bila kuuliza. Hesabu kwanza jamii adimu iliyochanganyika na kundi, kwa sababu ikiruka hutaipata tena, na wale wengi uwaache mwisho.

Hatua ya saba: tazama kuondoka kwenyewe

Watu wengi huwatazama ndege wahamao miaka mingi bila kuwaona wakiondoka, ilhali jambo lenyewe halijifichi. Makundi ya ndege wa pwani hupenda kuanza safari alasiri na jioni, kabla jua halijazama, na siku za bamvua maji yetu huwa yamejaa wakati huohuo. Kwa hiyo bamvua la katikati na la mwisho wa Aprili, jioni ambayo mvua imepumzika, ndiyo nafasi bora ya mwaka mzima.

Tazama kundi ambalo halitulii. Ndege huacha kulala, huoga na kutengeneza manyoya, na sauti zao huongezeka. Wachache huruka, huzunguka, na kurejea. Halafu kundi dogo, la makumi tu mara nyingi, hunyanyuka na badala ya kukata chini juu ya maji linaendelea kupanda, likiita, likijipanga mstari au umbo la kabari, hadi linakuwa nukta upande wa kaskazini. Baadhi yao huweza kukata tamaa na kurudi, nao wahesabiwe. Andika saa, idadi, jamii, mwelekeo, na upepo. Kumbukumbu za aina hii ni chache mno katika pwani yetu, na ndizo ninazozithamini kuliko orodha ndefu ya majina.

Hawaondoki wote pamoja, na mpangilio wao unaeleweka ukijua waendako. Wanaozaliana katika majangwa ya Asia ya Kati, kama yule kitwitwi wa mdomo mnene, hutangulia kuanzia Machi, kwani huko joto huwahi. Wa Aktiki hungoja hadi mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, kwa sababu theluji ya huko huanza kuachia ardhi mnamo Juni, na anayewahi mno atakufa njaa mlangoni. Ndiyo maana Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo mara ya kwanza kwa mwaka huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei, kwetu huja wageni wengi wakiwa wamekwishaaga. Shule inayotaka kuwapeleka wanafunzi pwani ifanye hivyo mwezi mmoja kabla.

Ndege wa nchi kavu

Hawa hawafuati maji, na kwao agizo la alfajiri linarudi kuwa sahihi. Machi na Aprili angalia nyaya za umeme na miti iliyo wazi kando ya mabonde ya mpunga upate kambu wa Ulaya (Coracias garrulus), wa buluu na kahawia, ambaye hupita pwani ya Afrika Mashariki kwa wingi mwezi wa Aprili. Makundi ya keremkerem hupita juu yakiita, na mbayuwayu wa Ulaya hukusanyika kabla ya kutoweka. Katika miembe na mikarafuu huenda ukamwona kekeo wa Ulaya, ambaye huku kwetu hukaa kimya, tofauti kabisa na kelele anazosifiwa nazo huko kwao.

Kozi wanaohama hawakai sana. Kozi wa kijivu iliyokoza (Falco concolor) hupita tena Aprili na Mei akitoka Madagaska kurudi Arabuni. Kumwona kunahitaji bahati, isipokuwa una msaidizi, na msaidizi huyo ni kunguru wa Bara Hindi. Ndege huyu aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ana sifa mbaya, na anazistahili, lakini akimwona kozi hukusanya wenzake na kumtangaza mtaa mzima. Ukisikia fujo lao, inua macho kabla ya kulaumu.

Hatua ya nane: andika na peleka

Kila ziara iwe na tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya maji, watu wangapi walitazama, na kila jamii kwa idadi yake. Ukienda usikute ndege, andika pia. Sifuri ya tarehe 5 Mei ina maana kubwa ikisimama kando ya mia tatu ya tarehe 20 Aprili.

Makosa mawili hujirudia katika kumbukumbu za visiwani. La kwanza ni la saa: mtu huandika saa nne akimaanisha asubuhi ya Kiswahili, na anayeingiza katika mfumo wa kimataifa huisoma saa nne ya alfajiri au ya alasiri. Katika daftari andika saa 24, yaani 10:00, na kando yake “asubuhi”. La pili ni la jina la mahali. Muyuni ipo kaskazini mwa Unguja karibu na Matemwe, na Muyuni nyingine ipo kusini, na mtu aliyeko mbali hatajua unakusudia ipi. Andika kijiji, wilaya na kisiwa, na kama simu yako inaweza, chukua nukta za ramani.

Ukiona pete ya chuma au kibendera cha rangi mguuni, andika mguu wa kushoto au wa kulia, juu au chini ya goti, rangi kwa mpangilio kutoka juu, na herufi au namba zozote zinazosomeka. Piga picha hata ikiwa mbaya. Habari kama hiyo hupelekwa kwa asasi iliyoweka pete. Kwa zile za kusini mwa Afrika ni SAFRING ya Cape Town. Kumbukumbu za kawaida zinaweza kuingizwa katika eBird, mfumo ulioanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell, ambao ni bure na hufanya kazi kwenye simu hata mahali pasipo na mtandao, ukituma baadaye. Hata hivyo lihifadhi daftari la karatasi, kwa sababu maelezo ya tabia na ya manyoya hayaingii vizuri katika visanduku vya programu. Mahali pa mayai ya ndege wakaazi wa ufukweni pasitangazwe popote.

Baada ya Mei

Usikunje daftari mara wekundu wakiisha. Ndege wa pwani utakaowaona Juni na Julai si waliochelewa. Wengi wao ni wa mwaka mmoja, hawajafikia kuzaliana, na hubaki huku na manyoya yao ya kijivu hadi wenzao warudi Agosti. Waandike chini ya kichwa tofauti ili wasichanganywe na wasafiri. Wakati huohuo wageni wa upande mwingine wanaingia: kuanzia Aprili mbayuwayu-maji wa Madagaska (Glareola ocularis) huvuka kuja pwani ya Afrika Mashariki, na kuanzia Mei hufuata koikoi mweupe wa kisiwa hicho (Ardeola idae), ambaye idadi yake duniani imepungua hadi kuhesabiwa miongoni mwa walio hatarini. Huyu wa mwisho mtafute kwenye kingo za madimbwi na mabonde ya mpunga, akiwa amevaa kahawia ya michirizi badala ya weupe wake wa kuzalia, na umpige picha mdomo na mgongo, kwa kuwa bila picha hakuna mhariri wa kumbukumbu atakayekubali jina lake kwa urahisi.